Baba anasahau, nimeambiwa nilipie mazoezi ya ubongo ya kwenye simu. Nilipe?

MamaShabani_Kibirizi
Jumapili, saa 3:10 usiku

Ndugu zangu, habari za usiku. Mimi nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini. Naomba ushauri wa watu wanaojua, maana nina shilingi laki moja na themanini imekaa kwenye simu tangu Ijumaa na sijui niitume au niiache.

Naishi Mwanga na baba yangu mzazi. Ana miaka 72. Alikuwa karani wa mizigo wa reli mpaka alipostaafu, na mama alitutoka miaka sita iliyopita. Baba hakuwa mtu wa kusahau. Enzi zake ukimtajia gunia la chumvi lililopakiwa Uvinza, alikuwa anakwambia lilishushwa stesheni gani na nani alisaini. Mpaka leo ukimwomba akutajie stesheni kutoka Tabora kuja huku, anateremka nazo kama anasoma Yasini: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba. Hasiti. Lakini nikimwambia asubuhi, "Baba, jioni atapita Mama Zaituni kuchukua sado mbili, ameshalipa," jioni Mama Zaituni anadaiwa upya. Imetokea mara tatu. Mara ya tatu yule mama aliondoka bila kuaga, nami nikaenda kwake usiku kuomba radhi.

Kilichonitisha zaidi ni jiko. Mwezi uliopita nilirudi kutoka mwaloni saa nne asubuhi nikakuta sufuria ya maharage imeungua mpaka matako yake yamekuwa mekundu, jiko la mkaa liko ndani, mlango umeegeshwa, na baba yuko chumba cha pili anaangalia taarifa ya habari, sauti juu mpaka jirani anasikia. Namwuliza, ananitazama tu, anasema "ehe, ehe." Nililia siku ile, sikuficha.

Sasa kuna kijana amepita sokoni na programu ya simu ya mazoezi ya ubongo. Unacheza michezo: kukumbuka picha zilipojificha, kumgusa ndege aliye tofauti na wenzake kabla hajapotea, hesabu za haraka. Anasema inafaa kuanzia mtoto wa miaka mitano mpaka mzee wa tisini, kwamba inaongeza akili ya darasani na kuzuia ugonjwa wa kusahau. Wiki ya kwanza ni bure. Baada ya hapo kifurushi cha familia cha miezi sita ni 180,000.

Tulijaribu hiyo wiki ya bure. Baba alianza Jumatatu na alama 310. Jumapili alikuwa na 1,140. Jamani, sijamwona na furaha ile tangu mama afariki. Alikuwa ananiita jikoni nikaone. Na ndiyo maana nimechanganyikiwa, kwa sababu ile mara ya tatu ya Mama Zaituni ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo.

Kuna pia mwanangu Shabani, miaka 9, yuko darasa la tatu na hesabu zinampiga chenga. Na mimi mwenyewe nina miaka 44, nimeanza kusahau majina ya watu niliowakopesha. Nalala saa tano, naamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi, nikirudi nina huyu mdogo, Amina, wa mwaka mmoja na nusu, hapumzishi mtu. Kijana anasema sote watatu tutumie akaunti moja.

Hela hii kwangu si ndogo. Nimeiweka kabla mbalamwezi haijaingia, maana mwezi ukipevuka dagaa hawapatikani na sisi tunakaa. Lakini kama itamrudisha baba, nitaitoa leo hii. Mwenye kujua asinifiche: haya mazoezi yanasaidia kweli? Kwa mzee, kwa mtoto, na kwa mtu wa umri wangu?


MzeewaKatubuka
Jumapili, saa 4:02 usiku

Pole mwanangu. Mimi nina 69 na nakwambia kwa nia njema, usitoe hela hiyo. Uzee ni uzee, hauna fundi. Mtoe baba kwenye mambo ya biashara, akae apumzike, asihesabu kitu cha mtu. Heshima yake itabaki na wewe hutaomba radhi kwa watu usiku.


DadawaGungu
Jumapili, saa 4:40 usiku

Mimi nililipia, si ya huyo kijana, nyingine ya namna hiyohiyo, kwa ajili ya mama mkwe. Nitasema nilichokiona. Alipenda sana, alikuwa anasubiri wajukuu walale apate simu. Kwenye ile michezo akawa mkali kuliko mimi. Lakini dawa zake za presha bado nilikuwa namkumbusha mimi, kila siku, asubuhi na jioni. Miezi mitatu ilipokwisha sikulipa tena. Sijutii, alifurahi, ila nilikuwa nimenunua kitu kimoja nikidhani nimenunua kingine.


Tabibu_Tabora
Jumatatu, saa 12:25 asubuhi

Mama Shabani, mpe baba shikamoo yangu. Mimi ni afisa tabibu, niko Tabora, mwaka wa kumi na moja sasa kazini, na wazee wenye shida kama ya baba nawaona kila wiki. Nitaandika kwa urefu kwa sababu umeuliza vizuri.

Jibu la swali lako kubwa umeliandika mwenyewe pale ulipoweka alama 1,140 na Mama Zaituni kwenye aya moja. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake, uliofanywa pamoja na BBC ya Uingereza. Watu 11,430 walicheza michezo ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki sita. Kwenye michezo ile waliyoizoea wakapanda. Walipopimwa kwa vitu vingine, hata vinavyofanana kwa karibu na ile michezo, hawakuwa wamepanda. Ubongo unashika kile unachourudishia. Baba amejifunza kumgusa yule ndege. Hajajifunza Mama Zaituni.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana si kila mafunzo ni bure. Marekani walifanya utafiti mkubwa unaoitwa ACTIVE, wazee 2,832 wa miaka 65 na zaidi. Waligawanywa: kundi moja mbinu za kumbukumbu, moja kufikiri kwa mpangilio, moja kasi, yaani kutambua haraka vitu vinavyotokea pembeni mwa macho. Kundi la nne halikufundishwa. Vipindi vilikuwa kumi tu, kila kimoja kama saa moja na dakika chache, na kulikuwa na mwalimu chumbani. Walifuatwa miaka kumi. Wale wa kufikiri na wale wa kasi walikuwa bado mbele ya wenzao katika mambo hayo waliyofundishwa. Na makundi yote matatu yalisema shughuli za kila siku haziwapi tabu kama zinavyowapa wale wasiofundishwa. Lakini sikiliza hili, kwa sababu ndilo unalotaka kununua: kwa kundi la kumbukumbu, faida kwenye vipimo vya kumbukumbu haikuonekana tena baada ya miaka hiyo kumi.

Kwa hiyo anayekwambia programu yake inazuia ugonjwa wa kusahau amevuka mpaka. Kampuni ya Marekani inayotengeneza Lumosity, moja ya zile maarufu duniani, Januari 2016 ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza shauri la tume ya serikali ya biashara kule, kwa sababu ilitangaza faida za darasani, kazini na za kuzuia kusahau ambazo ushahidi wake haukutosha. Simsemi kijana wako, simjui. Nasema maneno hayo yameshasemwa na wakubwa wake, na yamewagharimu.

Sasa nije kwa baba, na hapa nakuomba usome taratibu. Kwenye maelezo yako kuna kitu umekipita haraka: televisheni jirani anaisikia, na ukimwuliza anajibu "ehe, ehe." Mama, una hakika baba anasahau ulichomwambia asubuhi? Au hakukisikia? Fanya hivi kesho. Akiwa amekaa, simama nyuma yake hatua tatu, mwite kwa sauti ya kawaida umwulize jambo linalohitaji jibu, si la "ehe." Kisha muulize jambo kama hilo uso kwa uso. Ukiona tofauti, mwanzo ni masikio. Mtu ambaye hajasikia hana cha kukumbuka, na mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa hatakwambia "sikusikia," ataitikia tu.

Hili la masikio si la kwangu peke yangu. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na utambuzi. Ikasema yakishughulikiwa yote tangu utotoni, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Masikio yamo, na yana uzito mkubwa. Presha imo, sukari, sigara, macho yasiyoona vizuri, upweke, kukaa bila kutembea, elimu aliyoikosa mtu alipokuwa mdogo. Ukitazama orodha hiyo, kuna mengi ambayo kituo cha afya cha jirani kinaweza kuyaanza.

Mpeleke hospitali, wamwangalie masikio ndani, wapime presha na sukari, macho, damu. Usimchokonoe wala usimtie mafuta ya moto masikioni. Beba dawa zote anazotumia, zote, hata za dukani. Wazee wengi wanameza zile piritoni za njano kila usiku kwa ajili ya mafua au ili walale. Kwa mtu wa miaka 72 dawa ile inaweza kumzubaisha na kumchanganya kumbukumbu, na mara nyingi nikiuliza, nakuta ndiyo. Na siku ukimwona amechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku mbili, au mdomo umepinda, au mkono umelegea, usiandike kwenye mtandao. Kimbia naye hospitali.

Mzee wangu wa Katubuka, shikamoo. Kwa heshima zote, hapo kwenye kumpumzisha naomba nisikubaliane nawe. Kumtoa mzee kwenye kila kitu ni kumwongezea upweke. Finland walichukua watu 1,260 wa miaka 60 mpaka 77, chini ya Dakta Miia Kivipelto, wakafanya nao kwa miaka miwili: chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya ubongo, na kufuatilia presha na mishipa, yote kwa pamoja. Matokeo yalitoka 2015: walipopimwa utambuzi walifanya vizuri kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida tu. Mazoezi ya ubongo yalikuwemo, ila yalikuwa jiwe moja kati ya mafiga. Na kwa wale ambao ugonjwa umeshathibitika, hapa hapa nyumbani, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliwakusanya wazee 34 katika vikundi, vipindi 14 kwa wiki saba: mazungumzo, nyimbo, vitu vya zamani vya kushika mkononi, kukumbushana siku na habari za mji. Walipata nafuu ya utambuzi na ya wasiwasi. Hapakuwa na simu.

Shabani: sina ushahidi wa kukupa kwamba michezo ile itamwongezea alama za hesabu. Mpe hesabu yenyewe. Una sado, una chenji, una mizani. Na usingizi wa kutosha.

Kuhusu Amina hukuuliza, lakini kati yenu wanne yeye ndiye ningemwekea juhudi kubwa. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, walianza kuwatembelea watoto waliodumaa, wadogo kama yeye. Walikuwa watoto 129 kwenye utafiti. Mhudumu alikwenda nyumbani saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, akimfundisha mama kucheza na mtoto, kumsemesha, kumtajia vitu majina, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa na makopo na vitambaa. Baada ya miaka 20, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, kwa asilimia 25. Ukiwa unachambua dagaa, msemeshe. Mpe kopo na kifuniko.

Na wewe. Saa tano mpaka saa tisa ni saa nne. Mtu anayelala saa nne kila siku atasahau majina ya wadeni hata kama ana miaka 25. Tafuta usingizi wa mchana kama wa usiku hauwezekani. Hilo kwako ni la kwanza kabla ya mchezo wowote.


KeteZaUjiji
Jumatatu, saa 10:50 jioni

Namshukuru tabibu, amesema kweli na amenifunza. Mimi nitasema la kwangu dogo. Niko Ujiji, tunacheza bao chini ya mwembe kila siku baada ya alasiri, na tuna wazee watano wa rika la baba yako.

Kwa asiyejua: bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kete 64. Kila mtu ana 32. Unaanza na kumi tu ubaoni, sita kwenye nyumba, yaani shimo lako maalumu, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni, na 22 zimebaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja. Kabla hujaitia kete unatakiwa uwe umeshaona itakula wapi, zile utakazokula zitaanzia kichwa kipi, yaani mwisho upi wa safu, zitafika wapi, na zikiishia kwenye shimo lenye kete utaendelea mpaka wapi. Huruhusiwi kujaribu kwa mkono. Yote yanafanyika kichwani, na wenzako wamekukodolea macho.

Siwezi kusema bao linaponya. Sheria aliyoisema tabibu inalihusu na bao: anayecheza bao anakuwa hodari wa bao. Tuna mzee mmoja hapa, hatujamshinda mpaka leo, lakini akienda sokoni lazima afuatane na mjukuu. Sitaki mtu atoke hapa anaamini kete ni vidonge.

Ila nimeona hili. Mzee huyo nyumbani kwake alikuwa hasemeshwi. Anapewa chakula, anapewa chai, basi. Hapa anasemeshwa. Akikosea anaambiwa kakosea, akishinda anapigiwa makofi, akichelewa mtoto anatumwa kumwita. Anatembea kuja na anatembea kurudi, kama nusu saa kila upande. Mkewe ameniambia siku akikosa kuja hulala vibaya na kuamka na hasira.

Mlete baba Jumamosi. Na huyo kijana Shabani mlete pia. Mtoto tunamwanzisha bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, hakuna nyumba. Wiki ya pili utamkuta anagawa na kujumlisha bila kuambiwa kwamba hiyo ni hesabu.


MamaShabani_Kibirizi
Jumanne, saa 2:15 usiku

Nimesoma yote mara mbili, ya tabibu mara tatu. Ahsanteni sana.

Nimefanya lile jaribio. Nilisimama nyuma yake, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Baba, mkaa umebaki kiasi gani?" Akaniitikia, "Ehe." Nikazunguka mbele nikauliza tena. Akanijibu, "Nusu gunia, na ule wa juu umeloa."

Nilikaa chini. Nimekuwa nikimwachia maagizo ya Mama Zaituni nikiwa natoka mlangoni, mgongo nimempa, saa tisa za usiku, sauti ya chini nisimwamshe Amina.

Na piritoni anazo. Zimo kwenye mfuko wa koti. Anasema ananunua za mia tano, anameza mbili akitaka kulala, tangu mama alipofariki.

Keshokutwa tunakwenda hospitali. Hela sijaituma.


MamaShabani_Kibirizi
Jumatano, wiki nne baadaye, saa 3:30 usiku

Niliahidi moyoni kurudi kuwaambia, kwa sababu najua kuna mwingine atakayesoma akiwa na mzazi kama wangu.

Sikio la kulia lilikuwa limejaa nta, imekauka kama gundi ya seremala. Walimpa matone siku tano, tukarudi wakaisafisha kwa maji. Alipotoka mlangoni alisimama kwenye korido, akaniuliza kwa nini watu wanapiga kelele hivi. Sikio la kushoto limepungua kweli, la uzee, wamesema kifaa kingemsaidia. Bei yake bado siiwezi, nakusanya. Presha ilikuwa 168 kwa 96. Hakuna aliyejua. Ameanza dawa. Sukari iko sawa. Zile za njano daktari alimwambia aache, na usiku wa kwanza na wa pili hakulala vizuri, sasa analala.

Nisiwadanganye kwamba yamekwisha. Jumatatu ya wiki iliyopita tulikwenda msibani Bangwe, Jumatano akaniuliza tutakwenda lini kuhani. Alikuwa anasikia vizuri kabisa. Hilo halikuwa sikio. Nilimwambia daktari, wakampima kwa maswali na kuchora saa, wametaka tumrudishe baada ya miezi mitatu waone kama presha ikitulia kutakuwa na tofauti. Kwa hiyo tunasubiri, na mimi nimeshajiandaa kusikia lolote.

Kuhusu Mama Zaituni. Tabibu alisema ubongo unashika kile unachourudishia, nikawa nafikiri, baba amerudishia nini maisha yake yote? Mizigo. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikapiga mistari usiku nikiwa nasubiri mitumbwi: tarehe, jina, sado ngapi, amelipa au bado. Asubuhi nikampa, uso kwa uso. Akavaa miwani, akalitazama muda mrefu. Akasema, "Mpokeaji anasaini wapi? Na namba ya hati iko wapi?" Akachukua rula akapiga safu mbili nyingine, mistari yake imenyooka kuliko yangu. Tangu siku hiyo hakuna mzigo unaotoka nyumbani kwangu bila namba. Mama Zaituni amefika mara nne. Kila mara anafunguliwa ukurasa, anaonyeshwa jina lake, anapewa kalamu. Mara ya kwanza alicheka. Sasa anamwita Bwana Karani, na baba anapenda.

Mzee wa Katubuka, shikamoo. Nilielewa ulikuwa unamlindia heshima yake. Nadhani yeye heshima yake anaiona kwenye hilo daftari.

Jiko limehamia nje, moja kwa moja. Akibandika maharage anaweka kengele ya simu, dakika arobaini, Shabani alimwonyesha. Kwa hiyo simu imepata kazi. Ile michezo haijafutwa, ile ya bure iliyobaki anaicheza kidogo usiku, simkatazi.

Kulala: nimekubaliana na dada yangu achukue zamu ya alfajiri Jumanne na Ijumaa. Siku hizo nalala mpaka Amina aniamshe. Majina ya wadeni hayajarudi yote, ila sisimami tena mbele ya mtu nikijifanya namkumbuka. Na Amina ana makopo matatu yenye vifuniko. Leo amesema "funika." Nilikuwa nachambua dagaa, nikaacha.

Ile laki na themanini: nauli za hospitali, dawa za presha za miezi miwili, miwani ya baba ya kusomea, daftari. Iliyobaki nimenunulia mzigo.

KeteZaUjiji, samahani tumekosa Jumamosi zote hizo kwa sababu ya hospitali na msiba. Jumamosi hii tunakuja baada ya alasiri, mimi, baba na Shabani. Tutashuka stendi ya Ujiji na kutembea, anataka kutembea. Nauliza tu, hapo chini ya mwembe kuna kiti chenye mgongo? Kiuno chake hakiwezi mkeka kwa muda mrefu. Kama hakuna, nitabeba cha kwetu. Na naomba akae kushoto kwa watu, wawe upande wake wa kulia, ili awasikie.